Kontena Alilolizamisha Ilham

Kila Jumamosi Mama Ilham huamka gizani kwenda Shahe. Soko la nguo la Shahe halina subira na mvivu. Maduka hufunguliwa watu wengine wakiwa bado wamejifunika shuka, na jua likipanda kidogo tu, fulana nzuri zote zimeshachukuliwa na wenye mbio. Kwa hiyo binti yake Ilham, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, hubaki nyumbani kwao, mtaa wa Xiaobei mjini Guangzhou, Uchina, na kazi zake za kawaida. Hufagia, huosha vyombo, huloweka mchele wa mchana, kisha huoga na kwenda shule ya Kiswahili.

Siku nyingine za wiki Ilham alisoma shule ya Kichina. Huko alifanya hesabu kwa Kichina, aliimba kwa Kichina, na hata kugombana aligombana kwa Kichina. Kiswahili chake kilikuwa kimeanza kuota kutu. Akizungumza kwa simu na bibi yake wa Dar es Salaam, bibi humuuliza Mama Ilham mtoto kasema nini. Wazazi wengi wa Kitanzania na Kikenya pale Guangzhou walikuwa na shida hiyohiyo. Wakakaa, wakapatana kuanzisha darasa la Jumamosi, na Bwana Msabaha, ajenti wa kargo, akatoa bure chumba cha nyuma cha ofisi yake katika jengo la Tianxiu.

Kazi ya Bwana Msabaha ilikuwa kukusanya marobota ya wafanyabiashara wengi, huyu mashuka, yule masufuria, mwingine viatu, na kuyajaza katika kontena moja linalosafiri kwa meli hadi Dar es Salaam. Mwenye mzigo mdogo hawezi kujaza kontena peke yake, kwa hiyo wote walimtegemea yeye na uaminifu wake. Binti yake, Swalha, alikaa dawati moja na Ilham. Wawili hao walipendana sana, ingawa hilo halikuwazuia kushindana kwa kila kitu.

Mwalimu wao aliitwa Nyokabi. Alikuwa amefundisha shule ya msingi Nairobi kabla ya kumfuata mumewe Uchina. Vitabu alivyokuwa navyo vilikuwa vichache na vimechakaa, na hadithi zilizomo zilihusu watoto wanaochunga mbuzi. Wanafunzi wake walikuwa hawajamwona mbuzi ila kwenye sahani ya biriani, basi walipiga miayo mpaka machozi yakawatoka. Mwalimu Nyokabi hakuwakaripia. Aliwaza, akaja na somo jipya alilolipa jina la Habari ya Wiki.

Katika somo hilo kila mwanafunzi alitafuta habari moja mpya, iwe ya gazetini, ya redioni au ya kwenye simu, akaiandika kwa Kiswahili chake mwenyewe. Habari ilitakiwa kujibu maswali matatu: nini kimetokea, wapi, na lini. Ijumaa jioni alijirekodi video akiisoma, akaiweka kwenye grupu la wazazi la WeChat. Jumamosi darasa zima liliijadili. Miayo ikaisha. Mvulana mmoja, Kiplagat, alileta habari ya roboti inayopeleka chakula mezani katika hoteli, na mwingine akaleta ya mafuriko yaliyoingia mpaka sokoni kwao. Wazazi walifurahi kuwasikia watoto wao wakisoma kama watangazaji, na aliyesoma vizuri kuliko wote alipigiwa makofi.

Swalha alikuwa ameshapigiwa makofi mara mbili. Ilham alikuwa hajapigiwa hata mara moja, na tusifichane, jambo hilo lilimkereketa.

Ijumaa moja ya mwezi Mei, mama yake akiwa jikoni anakaanga samaki, Ilham alichukua simu na kupekua grupu la wafanyabiashara. Hapo akaikuta video iliyomfanya akae wima. Ilionyesha meli kubwa imeinama bandarini. Makontena yalikuwa yakiporomoka kutoka juu yake na kutumbukia majini. Kontena moja la buluu lilipasuka, na marobota yakamwagika. Chini yake mtu ameandika maneno machache tu: "Makontena yameanguka majini. Mungu atunusuru."

Ilham alijua kwamba hiyo ndiyo habari ya kumpatia makofi. Swali la kwanza lilikuwa na jibu lake, nini kimetokea. Lakini wapi? Na lini? Video haikusema, naye hakuitazama mara ya pili kutafuta. Badala yake akakumbuka maneno ya Swalha, kwamba kontena la baba yake limepakiwa melini wiki iliyopita, limejaa vitu vilivyonunuliwa kwenye maonyesho ya biashara ya Pazhou, tena ni la buluu. Basi Ilham akaona majibu amepata, kana kwamba dunia nzima ina kontena moja tu la buluu.

Alisimama mbele ya pazia, akaiegemeza simu kwenye jagi, akajirekodi. Sauti yake ilikuwa nzito na ya kujiamini. "Meli iliyoondoka Guangzhou wiki iliyopita imepata ajali," alisoma. "Makontena yameanguka baharini, likiwemo kontena la Bwana Msabaha lenye mizigo ya Watanzania na Wakenya."

Aliiweka kwenye grupu la wazazi pamoja na ile video ya meli. Hakufikiria mizigo ya watu, wala hakumfikiria baba yake Swalha. Alifikiria makofi, akala samaki wake, akalala.

Kesho yake alipanda lifti ya jengo la Tianxiu akiwa mchangamfu. Milango ilipofunguka tu, alisikia kelele. Korido ilikuwa imejaa wafanyabiashara, wengine wana simu sikioni, wengine wanazungumza wote kwa pamoja. Mlangoni pa ofisi alisimama Bwana Msabaha, shati limemganda mgongoni kwa jasho, akirudia jambo moja kwa kila anayemuuliza: wenye meli wamemthibitishia asubuhi hiyo kuwa iko safarini, na kontena lipo salama.

"Lazima useme hivyo," alijibu Bwana Harun, mfanyabiashara wa viatu. "Ungekuwa mimi, ungesema nini kingine?"

Mama mmoja alimwona Ilham, akamshika bega na kumpongeza mbele ya wote kwamba ndiye mtoto aliyesoma habari, na kwamba anasoma vizuri sana. Hapo ndipo Ilham alipoelewa. Mzazi mmoja ameitoa video yake kwenye grupu la wazazi na kuipeleka kwenye grupu la wafanyabiashara. Kutoka huko imeruka mpaka Kariakoo, na tangu alfajiri wateja wa Dar es Salaam wanapiga simu kuuliza mali zao. Kama yangekuwa maneno ya mtaani tu, watu wangeyapuuza. Lakini hii ilikuwa habari ya darasani. Darasa lina mwalimu, walisema, na mwalimu hawezi kumwachia mtoto asome uongo.

Bwana Harun hakuishia kwenye maneno. Alikuwa ameshaita gari liende ghalani kwa Bwana Msabaha likatoe marobota yake ya safari inayofuata, ayahamishie kwa ajenti mwingine. Wengine nao walikuwa wakiulizana kama magari mengine yanapatikana. Marobota yakitolewa, kontena lijalo halitajaa, na ajenti asiyeweza kujaza kontena hana kazi. Jina lililojengwa kwa miaka mingi lilikuwa linabomoka asubuhi moja, na Ilham aliliona likibomoka kwa macho yake.

Aliingia chumba cha nyuma. Swalha alikuwa ameshakaa, macho mekundu. Ilham aliketi kando yake bila kumsalimia.

"Ilham," Swalha alimuuliza kwa sauti ndogo, "nani alikwambia ni kontena la baba?"

"Iko kwenye grupu," Ilham alijibu, akijifanya anatafuta kalamu.

Kwenye grupu ilikuwemo video, ni kweli. Jina la Bwana Msabaha halikuwemo. Alijua kwamba amedanganya kwa mara ya pili, na safari hii amemdanganya rafiki yake usoni.

Mwalimu Nyokabi alifunga mlango ili kelele zipungue. Uso wake haukuwa na tabasamu la kila siku. Aliwaambia wanafunzi kwamba ameisikia video ya Ilham jana usiku, akadhani nyumbani kwao wameshapata uhakika kwa kuwa mama yake ni mfanyabiashara. Asubuhi hii amempigia simu Mama Ilham huko Shahe, naye akasema alidhani habari imetoka kwa mwalimu. Kila mmoja alikuwa amemwachia mwenzake kazi ya kuuliza.

Kisha akaweka simu yake mezani, akaizima sauti, akawaita wote wasogee.

"Leo tutaisoma hii video kama tunavyosoma ukurasa wa kitabu," alisema. "Kila mtu aseme anachokiona. Alichokisikia akiache nje."

Video ikaanza. Meli ikainama, makontena yakaporomoka. Wanafunzi walitazama kwa umakini ambao hawakuwahi kuutumia kwa mbuzi wa kitabuni. Kiplagat ndiye aliyeanza. Alisema watu waliosimama gatini wamevaa makoti mazito na kofia za manyoya. Msichana mwingine akaonyesha kitu cheupe juu ya kamba na vyuma, akasema hiyo ni barafu. Wakatazamana. Pale chumbani kiyoyozi kilikuwa kinanguruma na bado walitokwa na jasho.

Mwalimu akairudisha video nyuma. Safari hii Ilham aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. Nyuma ya meli ilipita boti ndogo ya kuvuta meli, na ubavuni mwake yameandikwa maneno ya Kichina kwa herufi kubwa, wazi kabisa. Ilham alizisoma bila shida. Lilikuwa ni jina la mji wa bandari wa kaskazini, mbali sana na Guangzhou, kunakoanguka theluji. Alilitaja jina hilo kwa sauti, na wenzake wote wakaitikia kwamba ndivyo ilivyoandikwa.

Mwalimu Nyokabi, ambaye Kichina chake kilitosha kununulia nyanya na kuishia hapo, alimpa Ilham simu. Ilham aliandika jina la mji kwa Kichina, akaongeza maneno meli na makontena. Habari yenyewe ikatokea, na picha zake ni zilezile, pamoja na kontena la buluu lililopasuka. Ajali ilitokea majira ya baridi ya mwaka juzi. Hakuna mtu aliyeumia.

Chumba kizima kilishusha pumzi. Swalha alijifunika uso kwa mikono, na mabega yake yakatetemeka, nusu kilio nusu kicheko. Kiplagat akatangaza kwamba wakubwa wa kwenye grupu ndio wa kulaumiwa, na wote wakakubali.

Ilham angeweza kuyaacha yaishie hapo. Grupu lingebeba lawama, naye angetoka salama, tena akisifiwa kwa kuisoma ile boti. Alimtazama Swalha akijifuta machozi, na moyo ukakataa. Alisimama.

"Grupu halikusema ni Bwana Msabaha," alisema. "Halikusema Guangzhou wala wiki iliyopita. Nilikosa majibu ya maswali mawili, nikayatunga. Swalha, na uliponiuliza sasa hivi, nilikudanganya. Nisamehe."

Swalha alimtazama, na Ilham akatamani hata amtukane.

"Mimi nitakusamehe baadaye," Swalha alisema. "Kwanza nenda ukawaambie wale wanaotoa marobota."

Kutoka chumba cha nyuma hadi koridoni si mbali, lakini Ilham aliiona safari ndefu. Mwalimu Nyokabi alimshika mkono, na Swalha akawafuata. Mwalimu aliwaomba watu wanyamaze kidogo, mtoto ana neno. Ilham alijikaza, akaeleza yote: video ni ya mwaka juzi, mji ni wa kaskazini, na jina la Bwana Msabaha amelitia yeye mwenyewe bila kuambiwa na mtu. Katikati ya maelezo hayo lifti ilifunguka, akatoka mama yake na mifuko ya Shahe mikononi. Alisimama palepale akasikiliza mpaka mwisho, hakuweka mifuko chini.

Bwana Harun alitaka kuiona hiyo boti kwa macho yake. Ilham alimwonyesha, akamsomea herufi moja baada ya nyingine. Mzee huyo alikuwa amefanya biashara Guangzhou miaka mingi na hajui kusoma hata jina la mtaa wake. Alikuna kichwa. Kisha akapiga simu, akaliambia gari ligeuze. Aliyesimama karibu naye akafuta ombi lake la gari, na wa pili, na wa tatu, na kelele ya koridoni ikageuka kuwa mazungumzo ya kawaida ya watu walioponea chupuchupu. Wengine walianza hata kuchekana kwa jinsi walivyokimbia.

Bwana Msabaha aliketi juu ya robota lililokuwa kando ya mlango. Alijifuta uso kwa leso, akasema alhamdulillahi mara kadhaa. Kisha akamwita Ilham. Ilham alimsogelea akiwa ameinamisha kichwa, akamwomba radhi.

"Mwanangu," Bwana Msabaha alimwambia, "mimi niko kwenye kargo miaka mingi. Dhoruba haijawahi kunizamishia kontena hata moja. Wewe umelizamisha moja ukiwa umesimama kwenu sebuleni, wala hukulowa."

Watu wakaangua kicheko, na Ilham naye akajikuta anacheka huku machozi yanamtoka. Bwana Msabaha alisema amemsamehe, lakini kuna kazi moja imebaki. Uongo umefika Dar es Salaam kwa sauti ya Ilham, basi na ukweli ufike kwa sauti ileile. Ilham alijirekodi palepale mlangoni, bila mbwembwe za utangazaji. Alisema alichokosea, akasema video ni ya wapi na ya lini, akasema meli ya Bwana Msabaha iko safarini salama. Bwana Harun mwenyewe ndiye aliyeisambaza, kwenye grupu la wafanyabiashara na kwa wateja wake wa Kariakoo, na muda mfupi baadaye simu zikaanza kuingia za watu wanaoshukuru.

Waliporudi chumba cha nyuma, Mwalimu Nyokabi hakutafuta wa kumchapa. Alikiri mbele ya wanafunzi kwamba na yeye amekosea, kwa sababu alifundisha maswali matatu akasahau la nne: umejuaje? Tangu siku hiyo, alisema, habari itapita kwake kabla ya kwenda kwa wazazi, na asiyejua wapi au lini ataandika waziwazi kuwa hajui, na hatapunguziwa alama kwa hilo. Somo la Habari ya Wiki litaendelea, kwa sababu video na habari za simu ni kama kitabu kingine chochote, zinataka msomaji aliye macho. Kisha akamwomba Swalha asome habari yake. Swalha alisoma, na aliporudi kukaa, alimsukuma Ilham kwa kiwiko ampishe, kama afanyavyo siku zote.

Mchana Ilham na mama yake walirudi nyumbani kwa miguu, kila mmoja na mfuko wake. Mama alitangulia hatua moja mbele, na Ilham akaharakisha kumfikia. Akamuuliza kama amemkasirikia.

"Nilikasirika, nikamaliza," mama alijibu. "Sasa nisikilize. Mimi Kichina changu ni cha kumwambia laoban, mwenye duka, apunguze bei. Kusoma sijui, na wenzangu wengi hawajui. Barua ikija ya mwenye nyumba, nakupa wewe. Dawa ya hospitali, nakupa wewe unisomee nimeze ngapi. Unavyosema ndivyo ninavyofanya. Jana usiku nilipokusikia, nikadhani umeipata kwa mwalimu, wala sikuuliza mara mbili, kwa kuwa ni wewe."

Alihamisha mfuko mkono mwingine, akaendelea.

"Kwa hiyo mwanangu, siku usipojua, niambie hujui. Sitakuona mjinga. Mtu anayeweza kuniambia hajui, huyo ndiye nitakayemwamini siku atakaponiambia anajua."

Ilham aliitikia, akamshika mama yake mkono, wakavuka barabara.